Hita ya chini ya sakafu ya mbao kwa chumba cha mamangu, vile ilienda mara ya kwanza na vile ilienda mara ya pili

Nimeitumia hii hita, kebo ya stima inayopasha sakafu joto kutoka chini, msimu mzima wa baridi, kutoka Juni mpaka mwisho wa Agosti, kwa hivyo naona sasa naweza kuiongelea bila kubahatisha. Kila mtu anauliza swali moja, inafanya kazi ama ni pesa ya kutupa? Inafanya kazi. Mamangu anaamka saa kumi na moja asubuhi kusali na anakanyaga chini miguu mitupu mwezi wa Julai, kitu sijaona akifanya miaka mingi. Lakini kampuni iliyokuja kuiweka mara ya kwanza siwezi kumpelekea mtu yeyote, karibu watuharibie nyumba, kwa hivyo wacha nieleze yote, ni ndefu lakini kama uko na nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujatoa dipositi.

Nyumba kwanza. Ni ya wazazi, iko upande wa Karen hapa Nairobi, ilijengwa miaka ya 50, kuta za mawe, na sakafu yote ni mbao zilizoinuliwa. Yaani huko chini hakuna zege. Kuna nguzo fupi za mawe, juu yake boriti za mtarakwa za inchi sita kwa mbili, halafu juu ya boriti ndio kuna mbao za sakafu zenyewe, unene wake kama milimita 22. Kati ya udongo na boriti kuna nafasi ya mtu kuingia akitambaa. Udongo wetu ni ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, na waliojenga walijua wanafanya nini, waliinua nyumba wakaacha matundu kwenye msingi pande zote ili upepo upite chini ukaushe unyevu. Hiyo ndio sababu hizo boriti bado ziko imara mpaka leo, hazijaoza na mchwa hawajazigusa.

Sasa shida ni kwamba huo upepo unaookoa mbao ndio huo huo unaoleta baridi. Watu wa pwani wakisikia Nairobi kuna baridi wanafikiri tunadeka, lakini huu mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Karen iko juu zaidi ya tauni, na Julai usiku inashuka mpaka nyuzi 10 au 11, mchana nao ni mawingu tu, jua unaweza kukaa siku nne hujaliona. Niliweka kipimajoto chumbani kwa Mama mwaka jana, saa kumi na moja asubuhi ilikuwa inasoma 14. Ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa. Ukiweka mkono kwenye sakafu unasikia upepo ukipenya kati ya mbao na mbao.

Mama ana miaka 74, ana baridi yabisi ya magoti na pumu juu yake. Jiko la makaa halikuwa hata jambo la kujadili, na hapa naomba niseme wazi, hakuna mtu anafaa kulala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa, ile gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, huamki, na kila msimu wa baridi tunazika watu kwa hiyo sababu. Tulikuwa tunatumia hita ya mafuta, ile ya stima yenye mafuta ndani, ya wati 2,000, ile ya kusukuma na magurudumu. Hewa ya juu inapata joto, Mama analalamika koo limekauka, na miguu bado iko baridi kama ametoka mtoni. Ukifikiria ni jambo la kawaida tu, hewa moto inapanda, na sakafu yenye upepo chini yake haiwezi kupata joto kutoka kwa hita iliyo kando ya ukuta.

Wazo lilitoka kwa dada yangu anayeishi Uingereza. Kule nyumba nyingi za zamani ziko na sakafu ya mbao iliyoinuliwa kama yetu, na yeye aliwekewa mabomba ya maji moto katikati ya boriti. Nikaanza kusoma na kuuliza. Kumbe Wakorea nao wamekuwa wakipasha sakafu joto tangu zamani sana kwa kupitisha moshi wa jikoni chini ya nyumba, wanaiita ondol, sio mambo ya juzi.

Kuna aina mbili. Ya maji ni mabomba ya plastiki ya milimita 16 yanazungushwa chini ya sakafu, maji ya kama nyuzi 35 mpaka 50 yanasukumwa na pampu. Ni nzuri kama unafanya nyumba nzima, lakini unahitaji kitu cha kuchemsha maji, pampu, vali za kugawa, na kotesheni niliyoletewa kwa chumba kimoja ilipita laki nne, nikaiweka kando. Watu wengi wananiambia si ungeunganisha na sola ya maji iko kwa paa? Hata mimi nilifikiria hivyo, lakini angalieni, sola inataka jua, na wakati sisi tunahitaji joto ndio huo wakati wa mawingu. Januari maji yanachemka na hakuna mtu anataka sakafu moto, Julai unataka joto na sola inatoa maji ya vuguvugu. Kwa hivyo nikaamua aina ya pili, kebo ya stima inayolazwa chini ya mbao, kwa chumba cha kulala peke yake.

Kampuni sitaitaja. Niliwapigia, jamaa akaja na utepe wa kupimia, akapima chumba, mita 4 kwa 3.6, akauliza kabati litakaa wapi na kitanda kitakaa wapi, hilo alifanya vizuri kwa sababu kebo haifai kupita chini ya kabati linalolala sakafuni. Dakika ishirini akawa amemaliza. Kotesheni ikaja shilingi 76,000, vifaa 41,000 na kazi 35,000, dipositi asilimia 60. Hakuinama hata mara moja kuangalia huko chini kuna nini. Mimi wakati huo sikujua hilo ndilo swali kubwa kuliko yote, leo hii mtu akija kwangu kupima bila tochi namrudisha getini.

Walikuja vijana watatu, siku mbili wakamaliza. Waling'oa mbao za sakafu kwa nguvu mpaka ndimi za kuunganishia zikavunjika kwa mbao kama kumi na mbili. Halafu ili kebo ivuke kutoka nafasi moja hadi nyingine wakakata boriti kwa juu, katikati kabisa ya chumba, mkato wa karibu inchi mbili kwa kila boriti. Wakapiga stepo kebo kwenye mbao zenyewe kwa upande wa chini, wakaweka foili nyembamba ile ya kung'aa, wakarudisha mbao kwa misumari. Kitu cha kuzuia joto lisishuke chini, hakuna. Nilipouliza wakaniambia foili inatosha, inarudisha joto juu. Na ili kumalizia vizuri, ati baridi isiingie, wakazunguka nje na simenti wakaziba matundu yote ya msingi upande wa chumba cha Mama. Mimi nikawashukuru kwa hilo. Nikalipa zote, wakaenda.

Usiku wa kwanza Mama alifurahi. Usiku wa tatu nikaanza kuona tokeni za stima zinaisha vibaya, na sakafu nikiipima haivuki nyuzi 19 hata ikiwaka usiku kucha bila kupumzika. Joto lote lilikuwa linashuka chini kwa udongo, tulikuwa tunapasha joto panya na vyura. Wiki ya pili Mama akaniambia sakafu inadundadunda karibu na kitanda, nikitembea kikombe kwenye meza kinalia. Wiki ya nne kukaanza harufu, ile harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa na maji. Na mtu mwenye pumu analala hapo.

Hapo ndio nikamuita mzee wetu wa mbao. Huyu mzee ni wa Dagoretti, ametutengenezea milango na madirisha tangu niko shule ya msingi, sijui kwa nini sikuanza na yeye, nadhani nilifikiri hita ni mambo ya stima na yeye ni mtu wa randa na msumeno. Alifika, hakuingia hata ndani ya nyumba, akazunguka nje akiangalia msingi, akaona simenti mbichi, akasimama hapo muda mrefu kidogo. Akaniambia, "Mwanangu, hii nyumba wameiziba pua." Akaomba tochi, akavua koti, akaingia chini akitambaa na miaka yake zaidi ya sitini.

Alipotoka alikuwa na kipande cha ukungu mweupe kwenye kidole. Akanieleza taratibu. Udongo unatoa unyevu kila siku, usiku na mchana, upepo ukipita unaubeba. Ukiziba matundu, unyevu unabaki, unapanda, unagonga mbao. Ukiongeza joto juu yake unakuwa umetengeneza kitu kama nyumba ya kukuza uyoga. Mtarakwa unavumilia sana lakini mbao za sakafu sio mtarakwa, na unyevu ndio unaita mchwa. Kuhusu ile mikato, akaniambia boriti ukitaka kuikata kwa juu unakata karibu na ukuta ambapo imekalia nguzo, ndani ya robo ya kwanza ya urefu wake, na kina kisizidi sehemu moja kwa nane ya kimo cha boriti. Boriti ya inchi sita, hiyo ni robo tatu ya inchi. Hawa walikata karibu inchi mbili, tena katikati, mahali boriti inabeba mzigo mkubwa kuliko pote. Ndio maana kikombe kilikuwa kinalia.

Niliwapigia kampuni. Wakasema waranti ni ya kebo na thamostati, kile kifaa cha kupanga joto, sio ya nyumba. Baada ya simu nyingi wakamtuma kijana wao mmoja wa stima, na huyo kijana nasema ukweli alikuwa muungwana, aliangalia kazi akanyamaza, kisha akaniambia hajawahi kufundishwa chochote kuhusu sakafu za mbao, kazi zao zote ni za zege na taili. Alinisaidia kutoa kebo polepole bila kuikunja na akaipima. Kebo ya wati 800 kwa volti 230 inafaa kusoma karibu ohm 66, ohm ni kipimo cha vile waya unazuia stima, na yetu ilisoma 66. Kwa hivyo kebo ilikuwa nzima. Pesa ya kazi hawajarudisha mpaka leo.

Mara ya pili nilisimamia mwenyewe, mzee akiwa fundi mkuu na msaidizi mmoja, na kijana mwingine wa stima mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi. Hii sehemu nitaieleza polepole kwa sababu ndiyo yenyewe.

Kitu cha kwanza mzee alifanya ni kufungua matundu yote, akayawekea wavu wa chuma kuzuia panya. Halafu akasema tungoje. Tulingoja wiki tatu sakafu ikiwa wazi, Mama amehamia chumba cha wageni, mimi nataka kazi iishe, mzee hataki kusikia, kila baada ya siku chache anakuja anagusa boriti anaondoka. Nashukuru alikataa kuharakishwa. Mbao iliyolowa ukiipasha joto ghafla inajikunja na kupasuka.

Boriti zilizokatwa aliziongezea mbao mpya ya saiprasi iliyotibiwa, sita kwa mbili pia, ubavuni mwa ile ya zamani, akafunga kwa bolti kupita katikati. Kudunda kukaisha siku hiyo hiyo.

Kisha ikaja sehemu ambayo kampuni iliruka kabisa. Chini ya boriti alipigilia waya wa kuku, ukashika kama kitanda, na juu yake kati ya boriti na boriti tukalaza pamba ya mawe (rockwool), ile ya kuzuia joto lisipotee, ya milimita 100. Nilikuwa nimependekeza maboksi meupe yale mepesi ya kufungia televisheni kwa sababu ni rahisi, mzee akakataa, akasema panya na sisimizi watafanya hapo makao, na nilikuwa nimependekeza pia karatasi ya nailoni chini ya pamba ili upepo usipite, akakataa hiyo zaidi, kwa sababu nailoni inafungia unyevu upande wa mbao. Pamba ya mawe inapumua, na haishiki moto. Muhimu ni iguse boriti pande zote bila pengo, ukiacha pengo la vidole viwili upepo utapita hapo na umefanya kazi bure. Alikuwa anakata kila kipande kikubwa kidogo kuliko nafasi ndio kikae kimebana.

Na hapa kuna kitu sikutarajia. Baada ya kuweka pamba, tulirudisha mbao kwa muda wiki moja kabla ya kuweka kebo, kwa sababu sahani za aluminiamu za kushikilia kebo zilikuwa hazijawa tayari. Kipimajoto asubuhi, bila hita yoyote, kilipanda kutoka 14 hadi 16, na ule upepo wa kati ya mbao ukaisha. Nyuzi mbili bila kulipia unit hata moja ya stima. Kama pesa yako ni kidogo, fanya hiyo tu kwanza, msimu mmoja, halafu uone kama bado unataka kebo. Mimi naona kebo ndio kitu cha mwisho katika hii kazi yote, ile kampuni ilianza nayo na kuishia nayo.

Sahani za aluminiamu kazi yake ni kusambaza joto. Kebo peke yake inapasha mstari mwembamba tu wa mbao iliyo juu yake, unakanyaga hapa moto hapa baridi, na hiyo mbao ya juu ya mstari inakauka kuliko jirani yake. Sahani inachukua joto kutoka kwa kebo na kulitandaza chini ya mbao yote. Za kununua tayari nilikosa za saizi yetu, nikanunua shiti ya aluminiamu Industrial Area nikapeleka Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, wakakata na kukunja mfereji wa kebo kwa kila sahani, siku mbili na shilingi 2,500. Kazi safi sana, kingo wamezisugua zisikwaruze kebo, hata sikuwa nimewaambia. Hao nawapa nyota tano bila kufikiria.

Kebo yetu ni ya wati 10 kwa kila mita. Nafasi kati ya boriti inatosha mistari mitatu, na kwa eneo la mita 10 za mraba, tukiondoa chini ya kabati, ikatumia mita 80 zote, yaani wati 80 kwa mita ya mraba. Usishawishike na mtu anayekuletea wati 150 kwa sababu ati itawaka haraka, hiyo ni ya chini ya taili juu ya zege. Chini ya kabati hatukupitisha kebo lakini pamba tuliweka. Kuvuka boriti tulivuka karibu na ukuta, mkato wa robo tatu ya inchi, mzee akaubandika utepe wa aluminiamu ndani ili kebo isiguse mbao, na juu akafunika kwa kipande cha bati zito ili mtu asije siku moja akapiga msumari hapo. Kihisi cha joto cha sakafu kiliwekwa ndani ya bomba dogo kati ya mistari miwili ya kebo, sababu kikiharibika unakivuta na kuweka kingine bila kung'oa sakafu. Mbao zote zilirudishwa kwa skrubu, sio misumari.

Kebo tuliipima mara tatu, kabla, ikiwa imelazwa, na baada ya sakafu kufungwa. 66, 66, 66. Nilinunua mita ya kupimia kwa maduka ya Luthuli Avenue, sio bei, na kijana akaleta mega yake kuangalia kama stima inavuja. Hita ina breka yake peke yake na ile swichi ya miliampia 30 inayokata stima ikivuja, hiyo usikubali mtu akwambie si lazima, hapo kuna mbao na mtu mzima amelala. Nilipiga picha kila mahali kebo imepita nikiweka utepe wa kupimia kando yake, picha ziko kwa simu yangu na ya dada yangu.

Kuwasha tulianza na nyuzi 18, tukaongeza moja kila siku. Thamostati imefungwa isiruhusu sakafu kupita 27, hiyo ndiyo kiwango cha mbao, ukipita hapo unaanza kuharibu. Na kusema kweli hatuhitaji hata kufika huko, 24 au 25 kwa sakafu inamtosha Mama, hewa ya chumba inakaa 19 na yeye anaona ni joto zuri, wakati na ile hita ya mafuta alikuwa anataka 22 na bado miguu inamuuma.

Stima. Niliweka mita ndogo kwa hiyo laini peke yake. Usiku wa kawaida wa Julai, saa mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi, inakula unit 4 hadi 5. Ukiweka na kodi zote unit moja inanitoka karibu shilingi 30, kwa hivyo 120 mpaka 150 kwa usiku. Hita ya mafuta ilikuwa inakula unit 8 au 9. Sio kwamba kebo ina miujiza, wati ni wati, ni kwa sababu joto halipotei chini tena na kwa sababu chumba hakihitaji kuwa moto sana mtu akiwa na miguu yenye joto. Inachukua kama saa moja na nusu kupata joto, haraka kuliko zege ambayo nasikia inachukua nusu siku, lakini pia stima ikipotea inapoa haraka, saa moja hivi na sakafu imerudi vile ilikuwa. Kwa hivyo blanketi bado liko na chupa ya maji moto bado iko.

Mapungufu ya kifaa chenyewe: aluminiamu inalia tik tik inapoanza kupata joto, Mama alizoea wiki ya pili lakini mimi nikilala hapo nasikia. Kioo cha thamostati kinawaka usiku kama taa, nimekifunika kwa kipande cha kitambaa. Maandishi ni madogo sana kwa mtu mzima, mimi ndiye nilipanga saa na nikaifunga, yeye ana kitufe kimoja tu cha kuzima. Kati ya mbao kumefunguka nafasi ndogo, milimita moja hivi, mzee aliniambia itakuwa hivyo na mvua za Novemba zitazifunga. Na zulia nene la Mama lililokuwa kando ya kitanda limehamia sebuleni, zulia zito linafungia joto chini na kihisi kinadanganyika, hilo lilimuuma kidogo kwa sababu lilikuwa zawadi ya Baba.

Gharama, kwa wanaouliza. Kebo na thamostati 41,000. Kazi ya kwanza iliyoharibika 35,000. Pamba ya mawe 18,500, aluminiamu na kukunja 11,500, mbao, bolti, skrubu na wavu 11,000, mzee na msaidizi wake 18,000, kijana wa stima 8,500. Jumla 143,500. Ukitoa ile kazi ya kwanza ni 108,500 kwa sakafu iliyofanywa sawa.

Kwa hivyo kebo na thamostati nawapa nyota nne. Ile kampuni nyota moja, na hiyo moja ni ya yule kijana wao aliyerudi. Ukitaka kupima fundi yeyote wa hii kazi muulize maswali matatu kabla hajafungua utepe: matundu ya msingi utayafanyia nini, utavuka boriti wapi, na chini ya kebo utaweka nini. Akijibu bila kuingia chini kuangalia, bado hajakujibu.

Mimi nilikuwa nimepanga sebule ifuate, lakini Mama amekataa. Anataka korido ya kwenda bafuni, mita nne tu, kwa sababu akitoka kwa joto la chumba hapo katikati magoti yanashtuka. Mzee ameshaingia chini wiki iliyopita. Boriti ziko sawa, ila matundu mawili ya upande huo yamefunikwa na udongo wa maua ya Mama, kwa hivyo Jumamosi tunahamisha maua kwanza.